Magunia 300 ya mahindi makavu: kuandika mkataba wa biashara usio na utata

SWALI

Shikamoo wakili. Nina kiwanda kidogo cha kukoboa na kusaga mahindi hapa Morogoro, na mahindi nanunua kwa mfanyabiashara wa Songea. Msimu uliopita tulikwenda kwa kuaminiana tu, mwisho tukagombana juu ya uzito na malipo. Safari hii ameniletea mkataba wa kurasa mbili nisaini. Una sentensi hizi: "Muuzaji atamletea mnunuzi magunia 300 ya mahindi makavu yenye ubora mzuri." "Mzigo utasafirishwa kwa wakati na muuzaji atamjulisha mnunuzi akichelewa." "Malipo yatafanyika ndani ya wiki mbili baada ya mzigo kufika, kwa bei ya soko." "Magunia ya mahindi yaliyolowa hayatalipiwa." Mpwa wangu aliye chuo anasema tuuandike upya kwa Kiingereza cha kisheria, ndipo utakuwa na nguvu. Ni kweli? Nifanye nini usije ukatuletea ugomvi mwingine?

JIBU

Marahaba, dada. Nianze na mpwa wako kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hakuna sheria Tanzania inayotaka mkataba wa kununua mahindi uandikwe kwa Kiingereza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaangalia kama mmekubaliana kwa hiari, kama nyote mna uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, na kama mnachopeana na lengo lenu ni halali. Tena tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Andikeni kwa lugha mnayopatania bei. Mkataba wa Kiingereza ambacho wewe na muuzaji wako hamkisomi kwa wepesi utawafanya msaini mambo msiyoyajua, na mkija kugombana mtahitaji mtu wa tatu awaambie mlikubaliana nini.

Ugonjwa wa mkataba wako uko kwingine. Nimezisoma sentensi zote nne, na kisarufi hazina kosa. Tatizo ni kwamba kila moja ina jambo la biashara ambalo hamjaliamua, likafunikwa kwa neno zuri: "makavu", "kwa wakati", "bei ya soko". Katika kazi hii ya kuandika mikataba nakutana na hali hiyo kila mara. Watu wawili wanaheshimiana, mazungumzo yanafika penye ugumu, hakuna anayetaka kuyaharibu, basi linaandikwa neno ambalo kila mmoja analielewa kwa upande wake. Wote wanaondoka wameridhika, na tofauti inajulikana siku lori limesimama getini. Kwa hiyo kabla ya kutafuta maneno ya kisheria, kaeni muamue. Jambo likishaamuliwa, maneno yake huwa mepesi.

Sheria nayo haiwaonei huruma walioacha mambo hewani. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kujulikana, ni batili. Sheria yetu ilichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na humo kuna mfano ninaoupenda: mtu anakubali kumuuzia mwenzake tani mia moja za mafuta, na hakuna kinachoonyesha ni mafuta ya aina gani. Hapo hakuna mkataba. Lakini jambo linalotokea mara nyingi zaidi si mkataba kufutwa. Hakimu anaujaza kwa kile anachoona ni cha haki, yaani mtu ambaye hajawahi kununua hata debe moja la mahindi kwa jumla anakuamulia biashara yako. Na usitegemee kwenda kusema "lakini kwenye simu tulielewana hivi". Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo kupinga au kubadili yaliyoandikwa.

Sasa tuingie kwenye magunia. Neno "gunia" peke yake halina uzito. Wewe unafikiria kilo 100. Yeye akileta magunia 300 ya kilo 90, atakuwa ametimiza kila neno la mkataba na wewe umepungukiwa tani tatu. Upande wa mkulima hali hugeuka: anauza "gunia", mnunuzi anakuja na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa miaka mingi, na bado mikataba inaandikwa kwa magunia. Andika kilo. Gunia libaki kuwa kifungashio tu, na mseme pia magunia matupu ni ya nani baada ya kushusha, maana hata hilo nimeona likivunja urafiki.

Kisha mseme uzito unasomwa kwenye mizani ipi, ya Songea au ya kwako, na mizani hiyo iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Nani atakuwepo wakati wa kupima? Uzito ni pamoja na gunia au mahindi matupu? Ningeandika hivi:

"Muuzaji atamuuzia Mnunuzi kilo 30,000 za mahindi meupe. Uzito ni wa mahindi peke yake bila gunia, na ni ule utakaosomwa kwenye mizani ya kiwanda cha Mnunuzi mbele ya dereva au mtu mwingine aliyetumwa na Muuzaji. Wote wawili watasaini karatasi ya uzito."

"Makavu" nalo ni neno la kubishania. Mkulima huuma punje akakwambia yamekauka, wewe unaingiza kipima unyevu unaona asilimia 18. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hiyo ndiyo namba ya kuandika. Fanya hesabu uone kwa nini nasisitiza. Kilo 30,000 zenye unyevu wa asilimia 18, zikikauka hadi 13.5, zinabaki kilo 28,400 na kidogo. Zaidi ya tani moja na nusu uliyolipia ilikuwa maji, na hapo sijataja kuvu. Kiwango hichohicho kina ukomo wa sumukuvu pia: aflatoksini zote zisizidi sehemu 10 kwa bilioni. Unasaga unga wa watu kula, kwa hiyo uandike, pamoja na maabara itakayopima na nani atalipa gharama ya kupima.

"Ubora mzuri" ufute kabisa. Mahali pake weka unachokikataa: punje zilizovunjika, zilizooza, zilizotobolewa na wadudu, takataka, kila kimoja na asilimia yake. Mwaka 1960 mahakama ya shirikisho New York ilisikiliza kesi ya kampuni ya Uswisi iliyoagiza kuku kutoka Marekani. Mkataba ulitaja kuku, uzito na bei. Mnunuzi alitarajia kuku wachanga wa kukaanga au kuoka, muuzaji akapeleka sehemu kubwa kuku wakubwa wa kuchemsha. Hukumu ya Jaji Henry Friendly inaanza kwa kuuliza kuku ni nini. Ilipima kamusi, desturi ya wafanyabiashara, barua za pande zote mbili na hata bei ya soko, na mwishowe mnunuzi akashindwa, kwa sababu yeye ndiye aliyedai maana finyu na hakuweza kuithibitisha. Ingetosha kuongeza maneno mawili matatu ya kusema ni kuku wa aina gani. Kwako anayetaka mahindi meupe ya sembe, mkataba unaosema "mahindi" tu utakuruhusu uletewe ya njano.

Na unyevu ukizidi, itakuwaje? Hapa ndipo mikataba mingi hunyamaza. Ukiandika "Mnunuzi atakataa au atapunguza bei" hujasema nani anachagua. Andika: "Unyevu ukizidi asilimia 13.5, Mnunuzi ana haki ya kuchagua moja kati ya mambo haya: kukataa lori zima, au kulipokea kwa bei iliyopunguzwa kwa shilingi kadhaa kwa kila kilo," na hiyo "kadhaa" muijaze kwa tarakimu kabla ya kusaini.

Sentensi ya pili ina mtego wa Kiswahili chetu wenyewe. "Muuzaji atamjulisha mnunuzi akichelewa." Nani akichelewa? Kiambishi kinafaa kwa muuzaji, kinafaa kwa mnunuzi, kinafaa hata kwa dereva aliye kichwani mwako. Katika mazungumzo hatupotei kwa sababu tunajua tunamzungumzia nani. Kwenye karatasi itakayosomwa na mtu asiyewajua, rudia jina: "Muuzaji akichelewa, Muuzaji atamjulisha Mnunuzi." Sikio litakwaruzika, uliache likwaruzike. Shuleni tulifundishwa kwamba insha nzuri hairudii neno, na mazoea hayo yanatuponza kwenye mikataba. Mkataba wako unasema "mahindi" mwanzoni, "mzigo" katikati, na bila shaka kuna "bidhaa" mahali. Wakili wa upande wa pili atasimama aulize kama "bidhaa" ni pamoja na magunia. Chagua jina moja kwa kitu kimoja, ulitumie hadi mstari wa mwisho.

Mtego wa pili ni kitenzi kisicho na mtendaji. "Mzigo utasafirishwa." Na nani? Kwa gharama ya nani? "Malipo yatafanyika" ni ugonjwa uleule. Pita na kalamu nyekundu, kila penye "itapelekwa", "yatafanyika", "zitagharamiwa", andika nani anafanya. Ukikuta humjui, umegundua jambo jingine ambalo hamjaliamua. Humo humo mtajikuta mnazungumzia ushuru wa mazao wa halmashauri, makuli wa kupakia Songea na wa kushusha Morogoro, na lori likilala njiani siku mbili.

Hapo kuna swali ambalo nalitilia mkazo kuliko yote. Lori limetoka Songea, limepita Njombe na Iringa, linateremka Kitonga, linapinduka. Mahindi yamemwagika. Hasara ya nani? Mkataba wako hausemi neno. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hasara humfuata mwenye mali, isipokuwa mkikubaliana vingine. Basi mahindi yanakuwa yako lini? Yalipopakiwa Songea, au yalipopimwa kwako? Muuzaji ataapa kwamba kazi yake iliishia kwenye kupakia. Wewe utaapa kwamba hujanunua kitu hujakiona. Wote mtakuwa wakweli, kwa sababu hamkuzungumza. Nakuomba hili mlizungumze uso kwa uso, kisha liandikwe kwa sentensi mbili: "Mahindi ni mali ya Muuzaji, na hasara yoyote itakayoyapata ni ya Muuzaji, mpaka yatakapopimwa na kukubaliwa kwenye kiwanda cha Mnunuzi. Baada ya hapo ni ya Mnunuzi." Kama yeye hakubali kubeba njia nzima, afadhali ujue leo, upange bima au ushushe bei.

"Kwa wakati" ifutwe, iwekwe tarehe kamili yenye jina la mwezi, maana 3/4 mtu mwingine atasoma Machi 4. Mseme kama siku hiyo yenyewe imo au haimo. Kuhusu saa, uandike kwa namna mbili: "saa 10 jioni (16:00)". Dereva anayesoma saa za simu na mtunza stoo anayehesabu saa za Kiswahili wamepishana mara nyingi tu. Na kama kuchelewa kutakuharibia kabisa, labda una oda ya unga wa shule zinazofungua, andika waziwazi kwamba tarehe ni sharti la msingi la mkataba. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinatofautisha: wakati ukiwa ni jambo la msingi, mwenzako akiukosa unaweza kujitoa. Usipokuwa hivyo, unabaki na haki ya kudai fidia tu. Fidia yenyewe msiite "faini kali" kama nilivyoona kwenye mikataba mingine. Tajeni kiasi kwa kila siku ya kuchelewa, kiwe kinachokaribiana na hasara halisi, kwa sababu kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo kinampa hakimu nafasi ya kutoa fidia ya haki isiyozidi hicho mlichotaja. Kutaja milioni mia ili kumtisha mtu hakukupi milioni mia.

Malipo. "Ndani ya wiki mbili baada ya mzigo kufika." Kilo 30,000 zikija kwa Fuso tatu kwa siku tofauti, wiki mbili zinaanza Fuso ya kwanza au ya mwisho? Kufika ni kuingia getini, kushushwa, au kupimwa na kukubaliwa? Mimi ningehesabu kutoka kwenye karatasi ya uzito iliyosainiwa, kila lori na malipo yake: "Mnunuzi atalipa mahindi ya kila lori ndani ya siku 14 za kalenda, kuanzia siku inayofuata siku ya kusaini karatasi ya uzito ya lori hilo." Kisha muandike akaunti ya benki, na kwamba Mnunuzi amelipa pale fedha zinapoingia kwenye akaunti hiyo. Bila hilo, wewe utaonyesha ujumbe wa kutuma, naye atakuonyesha salio.

"Bei ya soko" ni soko lipi? Songea, Morogoro mjini au Kibaigwa? Ya jumla au ya rejareja? Ya siku mliyosaini au ya siku mzigo ulipofika? Kwa msimu mmoja na lori tatu, mimi ningeweka bei moja kwa kilo yakaisha. Kama hamwezi, tajeni soko, siku, na nani atakayetoa hiyo bei, pamoja na mtakachofanya asipoitoa. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na mseme yapi yanashika zikitofautiana. Kwenye hundi sheria inachukua maneno, nanyi mnaweza kukubaliana vivyo hivyo.

Sentensi ya nne inafurahisha kwa mtu wa lugha na inaogopesha kwa mfanyabiashara. "Magunia ya mahindi yaliyolowa hayatalipiwa." Kilicholowa ni gunia au mahindi? Magunia yana "ya-", mahindi yana "ya-", ngeli haikusaidii. Gunia la nje likilowa kwa mvua ya dakika kumi na punje zote ni kavu, wewe unaweza kukataa kulipa, naye ataona umemdhulumu, na nitakubaliana naye. Sentensi irudiwe: "Mnunuzi hatalipia mahindi yaliyolowa. Gunia likiwa limelowa na mahindi yaliyomo yana unyevu usiozidi asilimia 13.5, Mnunuzi atayalipia." Popote penye "cha", "ya", "za" mbili zinazofuatana, simama uulize sifa iliyoko mwisho inamrudia nani.

Hata mkato unaweza kugharimu. Kanada, kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, ziligombana kuhusu mkataba wa kutumia nguzo za nyaya. Sentensi yake ilisema mkataba utadumu miaka mitano, na baadaye utaendelea kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukisitishwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Kulikuwa na mkato kabla ya "isipokuwa". Je, notisi inaweza kutolewa hata ndani ya miaka mitano ya kwanza? Mwaka 2006 mamlaka ya udhibiti ilisema ndiyo, kwa sababu ya mkato huo. Mwaka 2007 ilibadili uamuzi baada ya kutazama toleo la Kifaransa la mkataba wa mfano, ambalo halikuwa na utata. Ukiwa na kifungu cha muda na notisi, kikate vipande: sentensi moja kwa kipindi cha kwanza, nyingine kwa kuongeza muda, ya tatu kwa notisi. Na kama siku moja mtaandika kwa lugha mbili, labda kwa ajili ya benki, mseme toleo lipi linashika. Bila hivyo mtakuwa na mikataba miwili.

Jambo la mwisho kabla hujarudi kwake ni WhatsApp. Najua mtabadili tarehe kwa ujumbe wa sauti dereva akiwa Makambako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo msidhani ujumbe hauna uzito. Wekeni kifungu: mabadiliko ya bei, uzito au tarehe yatafanywa kwa maandishi tu, kutoka namba hizi mbili zilizotajwa, na yatafunga pande zote pale upande wa pili utakapojibu kwa maandishi kwamba umekubali. Kidole gumba kilichoinuliwa kisihesabike kuwa jibu, na hilo nalo liandikwe.

Ukimaliza kuandika upya, usinirudishie mimi kwanza. Mpe mtunza stoo wako, mtu ambaye hakuwepo mkipatana, bila maelezo yoyote. Muulize: lori likifika saa moja usiku utafanya nini? Unyevu ukisoma 15 utampigia nani, na utashusha au hutashusha? Kilo zikipungua 200 tunalipa ngapi? Muuzaji naye afanye vivyo hivyo na mtu wake huko Songea. Mahali ambapo majibu yao yatatofautiana, au mmoja wao atasema "hapa ingebidi niulize", pigeni mstari, mkae tena. Mkishapamaliza hapo niletee, nitaangalia vifungu vya hasara ya njiani na fidia, kisha msaini kila ukurasa.